Boksi la Picha Zilizokataliwa

Mpendwa Baba Tulizo,

Kamwene huko uliko. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo yamenigomea tangu baridi ya mwezi wa sita ianze. Tulizo yuko Lyamkena na mume wake na watoto, wazima wote. Viazi vya bondeni nimeshavuna, vya huku juu bado. Nimetanguliza salamu ili usije ukasema mwanamke huyu kaanza barua kwa kesi. Haya, sasa naleta kesi.

Nimeziharibu picha zako. Si zote, lakini nyingi, na kati ya hizo iko moja ambayo sijui nitaililia mpaka lini. Mtu wa kumweleza sina. Nikimwambia Tulizo atasema, "Mama, si picha tu hiyo?" Nikimwambia mchungaji ataniombea. Mimi sitaki kuombewa, nataka mtu wa kunigombeza, na kazi hiyo ilikuwa yako, ingawa ulikuwa unaifanya vibaya maana ulichoka haraka.

Unakumbuka ulivyoileta ile kamera? Ulikwenda Makambako na viazi, mimi nimekuagiza bati la jikoni, ukarudi na kamera ya mkanda, ya mtumba, kamba yake imeungwa fundo. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne ukaniambia, "Mama Tulizo, bati tutanunua mwaka ujao, lakini watu hawa wanazeeka mwaka huu." Nikakujibu kwamba na mimi nazeeka, tena kwa kunyeshewa jikoni. Ukaniinulia kamera ukanipiga picha hapo hapo na mdomo wangu umevimba kwa hasira. Ilitoka nyeusi tupu, umesahau kutoa kifuniko.

Tusemezane kweli, maana sasa huwezi kununa: wewe hukuwa mpiga picha. Ulikuwa mkulima mwenye kamera. Watu uliwakata vichwa, uliwaacha nusu mlangoni, uliwapiga na jua nyuma yao wakatoka kama makaa. Kidole chako kimo kwenye picha za harusi za watu mpaka leo, kimejaa kona nzima utadhani nacho kilialikwa. Lakini Jumapili za kipaimara na za ubatizo hukukosekana, umevaa lile koti lako la kahawia, unapanga watu mbele ya kanisa kwa sauti ya mwalimu wa gwaride. "Wewe mrefu nyuma! Mama, mfute mtoto kamasi kwanza!"

Halafu mkanda unaupeleka Makambako kusafishwa, na baada ya wiki mbili unarudi na bahasha. Ibada ikiisha unasimama pale nje, watu wanakuzunguka, mikono inaingia kwenye bahasha kabla hujaifungua vizuri. Wengine wanacheka, wengine wanakunja uso. "Huyu si mimi." "Uso wangu uko wapi?" "Mbona nimekuwa mnene hivi?" Na anayekataa, kakataa. Hukubishana hata siku moja. Uliipokea picha kwa adabu, ukaitia mfuko wa koti, ukifika nyumbani unaandika nyuma yake kwa kalamu jina la mtu na kosa la picha, unaitia kwenye boksi. "Mama Eliza, kaachama." "Mzee wa usharika, nusu." "Watoto wa kipaimara, miguu tu."

Nilikwambia mara ngapi tuwashie moto? Ukasema, "Mtu kakataa picha, hajakataa sura yake. Sasa sura nimpelekee nani?" Nikasema basi ibebe wewe. Ukaibeba kweli, ukapanda kiti, ukaliweka boksi kule darini jikoni, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu.

Na Jumapili mchana, tukishakula, unalishusha. Unakaa pale kwenye kigoda, unanichambulia picha mbaya moja baada ya nyingine, na mimi naosha vyombo nimekupa mgongo kukuonyesha kwamba sijali. Siku moja ukanionyesha ile ya Mama Eliza. Nikasema mbaya, mdomo wazi kama anang'olewa jino. Ukasema, "Anaimba. Angalia shingo hiyo. Hapo yuko juu kabisa, wenzake wote wameshaachwa." Nikafuta mikono, nikaja kuangalia. Ilikuwa kweli. Shingo imekaza, kitambaa cha kichwa kimeteleza, na wanakwaya wawili pembeni wamemgeukia kwa wivu. Ungempanga vizuri na kumwambia atulie, tungepata mama yeyote aliyevaa joho.

Na ile ya miguu, jamani! Watoto kumi na wanane wa kipaimara, na hakuna kichwa hata kimoja. Nilikucheka mpaka nikakaa chini. Lakini wewe ukaanza kunionyesha viatu. Hivi vya kaka yake, vimejazwa karatasi, ona kisigino kilivyotoka. Hivi ni vya mwalimu wa kike. Huyu kapaka kiwi mbele tu, nyuma kasahau. Huyu hapa wa mwisho hana viatu, ana malapa, na kaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Tulikaa na picha ile mpaka chai ikapoa. Sijui kama ulikuwa unaona kweli au ulikuwa unajitetea kwa sababu ya ufundi wako mbovu. Nadhani vyote viwili. Ila kuanzia siku ile nikawa naosha vyombo haraka.

Simu za kupigia picha zilipoingia, kazi yako ikafa, na wewe hukulalamika. Ulisema watu sasa wanajipiga wenyewe mpaka wajipende. Na miaka minne iliyopita ukaondoka na wewe, na boksi likabaki darini.

Sikutegemea kama kuna mtu angelikumbuka. Miezi michache baada ya msiba wako akaja Baba Eliza, fimbo mkononi, akakaa, akanywa chai, akaulizia viazi, akaulizia mvua, mpaka nikahisi ana jambo. Mwishowe akasema, "Ile ya marehemu aliyoachama. Bado mnayo?" Nikapanda kiti nikaishusha. Aliiangalia, akasema, "Hapa alikuwa anatuacha wote." Maneno yako yale yale, na hakuwahi kuyasikia. Ile nzuri aliyoinunua mwenyewe, mkewe kasimama wima na mkoba, ipo ukutani kwake na haimfurahishi, anasema pale anasubiri basi.

Baada yake wakaja wengine. Mmoja akataka ya baba yake iliyokatwa nusu. Mwingine akataka ya dada yake aliyegeuza uso. Waliokunyooshea kidole nje ya kanisa ndio hao hao wanabisha hodi kwangu wakiwa wameshika kofia. Nilikuwa najisikia vizuri, Baba Tulizo, siwezi kukudanganya. Nilijiona mke wa mtu mkubwa.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Tulizo alinijengea kile chumba kipya, sakafu ya saruji, dirisha la kioo. Nikasema picha za watu haziwezi kuendelea kukaa kwenye moshi na masizi, zinanuka kuni, zinakuwa njano. Nikazishusha. Nikazifunga kwa nailoni, nikazungusha mara tatu, nikafunga na kamba, nikaziweka chini ya kitanda kwenye chumba kizuri. Nikajipongeza. Wewe ulikuwa unajua, na hukuniambia! Moto ule wa kila siku ndio ulikuwa unazikausha. Huku kwetu ukungu unaingia mpaka kwenye chumvi, na mimi nikachukua karatasi nikazifungia na jasho lake juu ya saruji baridi. Zimekaa masika mawili.

Mwezi uliopita akaja Mama Faraja.

Huyo huwezi kumsahau. Siku ya kipaimara ya Faraja wake ulimpiga yule binti peke yake, na alipoiona picha Mama Faraja alipaza sauti mpaka wazee wa kanisa wakageuka. "Hivi mtu anaweza kutundika hii? Mwanangu kafumba macho kama maiti!" Wengine ulikuwa unawachukulia utani. Siku ile ulirudi nyumbani, ukaandika nyuma ya picha, ukaiweka, hukula. Nilitaka kwenda kumpa vidonge vyake, ukanikataza.

Basi alikuja na mjukuu wake, Upendo, mtoto wa Faraja, yuko darasa la tatu. Faraja alifariki Upendo akiwa hajaota hata meno, na hilo unalijua, tulizika wote. Usilojua ni kwamba simu yake, vyeti vyake, kila chenye sura yake vilibaki kwa yule mwanaume aliyekuwa akiishi naye huko mjini, na mwanaume hapatikani tena. Mama Faraja hakuzunguka. Alipiga magoti pale sebuleni, mtu mzima yule, akasema, "Mama Tulizo, nilimtukana mume wako mbele za watu. Nimekuja kuomba ile picha." Nikamwinua, nikamwambia hayo yamepita. Na yule mtoto akaniambia, taratibu kabisa, "Bibi anasema nafanana na mama. Nafanana naye wapi?"

Nikaenda chumbani kwa madaha, nikavuta boksi. Nilipofungua nailoni harufu ilinipiga usoni. Picha zimekuwa kitu kimoja, kama tofali. Nikajaribu kubandua ya juu, ikatoka na mashavu ya aliyekuwa chini yake. Nikajaribu nyingine, ikachanika. Mama Faraja amesimama mlangoni anaangalia, na mimi nashikashika tu, naongea maneno yasiyo na maana. Mtoto ndiye aliyeona mwandiko wako. "Faraja, kafumba macho," akasoma kwa sauti, akaniangalia. Nikaichomoa. Ikatoka na nyingine, zimegandana uso kwa uso. Nikageuza upande wa pili kuona huyo mwingine ni nani.

Uliandika: "Mimi. Kapiga Mama Tulizo. Imetikisika."

Nilikuwa nimeisahau, Baba Tulizo. Mkanda ule wa kipaimara ulibakiza picha moja, na Jumatatu tuko shambani bondeni ukasema tuimalize usafishe mapema. Ukanipa kamera, mikono yangu tope tupu. Umesimama na jembe, suruali umekunja mpaka magotini, na mimi nikakwambia, "Tulia basi, bwana harusi." Ukacheka. Si kile kicheko chako cha mbele za watu, kile kingine, kinachokufunga macho na kukutoa mabega juu, ambacho nilikuwa nakipata mimi peke yangu, tena mara chache. Nami nikacheka, mkono ukatikisika, nikabonyeza. Iliporudi kutoka Makambako niliiangalia mara moja nikasema, "Mbaya, itupe." Ukaitia mfukoni. Kumbe nami ulinihesabu na wale waliokataa.

Kitambulisho chako cha taifa kipo kabatini, lakini aliyemo ni mtu aliyeambiwa asicheke. Na ile waliyoikuza ya msiba wameikuza kutoka hiyo hiyo, wakakuvalisha na suti ya kompyuta. Wajukuu wanaipita ukutani kama wanapita kalenda. Kwa hiyo nilivyoshika kile kipande cha karatasi mbili, nilikuwa nimeshika vitu viwili ambavyo havipo popote pengine duniani: uso wa Faraja na kicheko chako.

Nikazipeleka Makambako. Upepo ule wa stendi ulitaka kunivua kitenge, nimezibana kifuani kama mtoto mchanga. Studio yako ya zamani, ambayo mikanda yetu iliitupa kitambo, siku hizi ina dada mmoja mpole. Akaziangalia juu, chini, akanusa. Nikamwuliza kama mashine yake ya kunakili picha haiwezi kuona ndani. "Mashine inaona mgongo tu, mama," akasema. Akanieleza niziloweke kwenye maji baridi, kwa upole, zitaachana. "Lakini ngozi ya mmoja inaweza kubaki kwa mwenzake. Yupi, siwezi kukuambia. Na ukiziacha hivi, zinaoza zote mbili." Nikamwomba azifanye yeye. Akakataa, akasema hawezi kubeba hilo.

Njia nzima ya kurudi Njombe nilikuwa natunga uongo. Nitasema zimechanika kwenye basi. Nitasema dada wa studio amezipoteza. Nani angejua? Ningekuficha, nikakaa na wewe hivyo hivyo, umefunikwa, lakini upo. Mungu anisamehe, nilimfikiria yule mtoto na bado nikaendelea kutunga. Lakini nilipofika nyumbani nikawakuta wamekaa barazani wananisubiri, tangu asubuhi, na Upendo kavaa gauni la kanisani siku ya Jumamosi. Uongo wangu wote ukaniishia pale.

Tukatia maji kwenye beseni jeupe. Mama Faraja akasema tuombe. Akaomba vizuri, maombi marefu, kwamba Bwana atupe kile anachoona kinafaa. Nikasema amina kwa sauti. Sasa nakwambia jambo ambalo sitamwambia mtu mwingine. Moyoni niliomba ubaki wewe. Mtoto yuko pembeni yangu, kashika ukingo wa beseni kwa vidole vyote, na mimi naomba mama yake afutike. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyoomba ulipokuwa unaumwa.

Tulisubiri sana. Kwanza ikaachia pembe, halafu upande, halafu Mama Faraja akavuta taratibu na zikaachana bila sauti yoyote. Akageuza ya kwake. Faraja yupo. Bega moja limepata doa, basi. Macho kayafumba, kidevu kakiinua, na jua lote la siku ile liko usoni mwake. Hakufanana na maiti hata kidogo, sijui siku ile tuliangalia nini. Alikuwa mtoto aliyeshiba jua baada ya wiki nzima ya ukungu. Upendo akaipokea kwa viganja viwili, akaiangalia, akaiangalia tena. Halafu akafumba macho na yeye, akainua kidevu, akauliza, "Hivi?"

Alifanana na mama yake, Baba Tulizo. Kidevu kile kile, kope zile zile. Macho yangekuwa wazi nadhani tusingeona.

Nikageuza ya kwangu. Jembe lipo. Suruali iliyokunjwa ipo, tope lipo, hata kivuli changu kipo pale mbele yako. Kuanzia shingoni kwenda juu ni karatasi nyeupe. Nikachungulia majini, nikaona vipande vidogo vya kahawia vinaelea, nikaviwahi kwa kidole, vikayeyuka.

Nililia kwa sauti. Mama Faraja akanikumbatia, analia na yeye, anasema, "Asante, mama, una moyo, Mungu akulipe." Alidhani nalia kwa furaha yao. Sikumsahihisha. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani akanishukuru mbele ya usharika mzima, watu wakanishika mkono, na mimi nimekaa pale nawaka uso kwa aibu. Nawafurahia, usidhani siwafurahii. Upendo anapita hapa akitoka shule ananionyesha picha kila mara kama vile sijawahi kuiona. Namfurahia, na akishaondoka naingia jikoni nakasirika na kila mtu, na wewe ukiwemo, kwa nini uliziweka uso kwa uso, kwa nini hukuniambia habari ya moshi, kwa nini ulinisikiliza niliposema mbaya bila kunivuta nije nione kama ulivyonivuta kwa viatu vya watu.

Zilizobaki nimezirudisha darini. Wataalamu wa simu wanasema zipo njia. Tulizo anasema mtu akipewa ile ya kitambulisho anaweza kukutengenezea cheko, siku hizi inawezekana. Nimemkatalia kwa ukali mpaka akakata simu. Atakutengenezea cheko la nani?

Basi sina la kufanya, ndiyo maana nimekuandikia. Nimejaribu kila siku, asubuhi, kabla ya kuamka, kukiona kile kicheko. Mabega nayapata. Macho nayapata. Mdomo jana umenichelewa. Hakipo tena mahali pengine isipokuwa kichwani mwangu, na kichwa chenyewe juzi kilitafuta miwani nusu saa nzima, nimeivaa.

Pumzika, mume wangu. Ukiweza, usinicheke.

Mkeo,
Mama Tulizo